Posidoki: ndugu wa Kusini, anzeni na kalenda

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi mnaomalizia uzamivu ughaibuni, kabla ya kuandika barua hata moja ya maombi, shikeni kalenda. Nafasi za utafiti wa baada ya uzamivu, yaani posidoki, huwaponyoka watu hodari kwa sababu ya tarehe tu.

Tazama ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya. Haubagui uraia, na hupokea biolojia na uhandisi pia. Ila una sharti la kuhama: katika miezi 36 kabla ya siku ya mwisho ya maombi, usiwe umeishi, umesoma wala kufanya kazi kwa zaidi ya miezi 12 katika nchi unayoiomba. Aliyesomea Uswidi na bado yuko hukohuko hataipata maabara ya Uswidi. Aombe Ureno au Uholanzi. Aliyerudi kwao Masasi miaka mitatu iliyopita anachagua atakako. EMBO, wafadhili wa sayansi za uhai, hutaka iwe haijapita zaidi ya miaka 2 tangu upate uzamivu wako. Mhandisi anayetamani kuingia kwenye biolojia asiipite HFSP, mpango wa kimataifa wa kufadhili sayansi za uhai, ina fungu la waliosomea fani nyingine.

Posidoki ni kazi, hulipi ada. Anayedai hela ya kushughulikia fomu ni tapeli, mwache. Fedha zikiitwa posho badala ya mshahara, uliza mapema habari za bima ya afya na pensheni.

Sasa swali la utafiti, na hapa ndipo mna utajiri. Aliyekulia Newala au Tandahimba ameona ubwiriunga ukikausha maua ya mkorosho, na wazee wakipuliza salfa. Ameona mafuta ya ganda yakiunguza vidole vya wabanguaji. La kwanza ni swali la mtaalamu wa kuvu. La pili ni la mhandisi wa kemikali, maana mafuta hayohayo hutengenezewa rangi na breki za magari. Mwandikie profesa aya mbili: moja kuhusu kazi yake uliyoisoma kweli, nyingine kuhusu swali hilo. Barua moja ya namna hiyo naithamini kuliko hamsini zinazofanana.

Mshirika wa nyumbani mnaye: kituo cha Naliendele cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania, nje kidogo ya Mtwara mjini, ndiko utafiti wa korosho nchini ulikojikita. Zungumzeni nao kabla ya kuomba fedha, si baada. Kibali cha utafiti hutoka COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na sampuli za majani hazivuki mpaka bila cheti cha afya ya mimea. Ingizeni miezi ya kusubiri karatasi hizo kwenye mpango wa kazi, kwa sababu mkorosho huchanua kuanzia Juni hivi hadi Septemba. Kibali kikitoka Oktoba, utakuta watu wanaokota korosho, na ua la kupima ni la mwakani.