Ukiwa Kentucky, Anza na Timu ya Hapa Hapa: Namna ya Kufuatilia Basketi ya Vyuo

Majira ya baridi yangu ya kwanza Lexington nilikuwa ghalani, zamu ya alfajiri. Asubuhi moja, tukiwa kwenye foleni ya kahawa, mzee mmoja wa pale aliniuliza kama nilimwona "kijana wenu" jana usiku. Sikujua kijana gani. Jioni nikamuuliza jirani yangu, mama wa Kikongomani, akaweka chini ndoo ya maji na kuniambia: "Oscar! Ule ni mutoto ya kwetu kabisa, ya Lubumbashi."

Oscar Tshiebwe. Msimu wa 2021/22 alikuwa anachezea Chuo Kikuu cha Kentucky, na kwa wastani alimaliza kila mechi na pointi 17.4 na ribaundi (mipira iliyokosa kikapu akaidaka) 15.1, akachaguliwa mchezaji bora wa vyuo wa Marekani nzima. Katika mji huu Kiswahili unakisikia sokoni, kanisani na kwenye basi la shule, kwa sababu familia nyingi za Wakongomani zimehamia hapa. Kwa hiyo hata akina mama ambao hawajawahi kushika mpira walikuwa wanajua ratiba ya mechi zake. Watanzania wanaokumbuka mwaka 2009, wakati Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alipokifikisha Chuo Kikuu cha Connecticut (UConn) nusu fainali ya taifa na kisha kuchaguliwa wa pili kuingia NBA, wanaielewa hali hiyo vizuri.

Ninachokushauri ni hiki: usianze na Marekani nzima. Zipo zaidi ya timu 350 za vyuo katika daraja la kwanza, na ukijaribu kuzifuata zote utachoka kabla ya Krismasi. Chukua timu moja, ya mahali unapolala, uijue kwa undani. Nyingine utazijua zitakapokuja kucheza nayo.

Kentucky hakuna timu ya NBA. Upenzi wote wa jimbo umemiminika kwa vyuo, hasa viwili: Kentucky, iliyoko Lexington, na Louisville, mwendo wa kama saa moja na robo kwa gari. Ukitaka kumwelewesha mtu wa Dar, mwambie ni Simba na Yanga. Wa Lubumbashi mwambie ni Mazembe na Lupopo, hatakuuliza tena. Wanakutana karibu kila mwaka, mara nyingi Desemba, na siku hiyo usipange kikao cha harusi wala harambee, watu hawatakuja. Kentucky imechukua ubingwa wa taifa mara 8, wa mwisho mwaka 2012. Louisville ilitwaa 1980 na 1986, na ule wa 2013 ilinyang'anywa baadaye na chama cha michezo ya vyuo. Hilo la 2013 usilitaje mbele ya shabiki wa Louisville mpaka mzoeane.

Kalenda ukishaishika, kazi imekwisha nusu. Msimu unaanza mapema Novemba. Wiki za mwanzo ni za kupimana nguvu, timu kubwa zinaalika timu ndogo, kwa hiyo ushindi wa pointi 40 usikulevye. Kuanzia Januari ndiyo ligi yenyewe: Kentucky iko ligi ya SEC, Louisville iko ligi ya ACC, na timu zinacheza takriban mara mbili kwa wiki. Katikati ya Machi, Jumapili moja jioni, inatangazwa orodha ya timu 68 zinazoingia mashindano ya taifa. Hapo ukifungwa mara moja unarudi nyumbani. Nusu fainali, Final Four, huwa mapema Aprili.

Zile timu zinagawanywa katika kanda nne, kila kanda ikipangwa kwa ubora kuanzia namba 1 hadi 16, na namba 1 anaanza na namba 16. Ile chati yake wanaiita braketi, na kazini watakupa karatasi uijaze ukitabiri nani atamfunga nani. Ijaze, hata kama hujui. Ni njia nyepesi kuliko zote ya kuingia kwenye mazungumzo, na mkubwa wa kazi hana uhakika kukuzidi. Mwaka 2018 UMBC, namba 16, iliitoa Virginia, namba 1, jambo ambalo hadi siku hiyo halikuwa limewahi kutokea upande wa wanaume. Na Kentucky yenyewe, Machi 2022, ikiwa namba 2 na Oscar amefunga pointi 30, ilitolewa na chuo kidogo cha Saint Peter's, 85 kwa 79, baada ya muda wa nyongeza. Usiku ule taa za mtaa wetu zilizimwa mapema. Nilikuwa mgeni, lakini nilisikia uchungu uleule niliokuwa nausikia nyumbani timu yangu ikifungwa dakika ya tisini, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kuishi Lexington kweli.

Kuhusu saa. Lexington iko nyuma ya Nairobi na Dar kwa saa 8 wakati wa baridi. Jumapili ya pili ya Machi saa za huku zinasogezwa mbele, tofauti inabaki 7. Mechi ya saa moja usiku hapa, kwa ndugu yako Dar ni saa tisa usiku msimu wa ligi, na saa nane usiku wakati wa mashindano. Mwambie kabla hujampigia. Vilevile angalia herufi zilizoandikwa kando ya muda wa mechi: timu nyingi za SEC ziko kwenye ukanda wa saa wa kati, ulio nyuma ya wetu kwa saa moja, na kuna watu wamefungua runinga saa nzima kabla mechi haijaanza.

Habari zitoke wapi? Mitandao ya kijamii itakupa kelele nyingi. Mimi nategemea gazeti la mji, Lexington Herald-Leader, na kwa walio Louisville ni Courier Journal. Mwandishi wa gazeti la mji anahudhuria mazoezi, anajua nani ana jeraha la kifundo cha mguu na nani amegombana na kocha. Usomaji wa mtandaoni unalipiwa, lakini kabla hujatoa kadi ya benki nenda maktaba ya umma ya kaunti yako, uliza kama kadi ya maktaba inakufungulia magazeti. Maktaba nyingi zina huduma hiyo, na kadi ni bure kwa mkazi. Kwa aliye njiani kwenda kazini kuna redio. Kiingereza cha Kentucky kilinipiga chenga mwaka mzima, na watangazaji wa mpira ndio walionifundisha kukisikia, maana maneno yao ni yaleyale kila wiki na unajua wanazungumzia nini.

Kuangalia kunaweza kula mshahara usipokuwa makini. Mechi nyingi za SEC ziko ESPN na SEC Network, ambazo zinalipiwa. Lakini mechi za mashindano ya taifa zinazoonyeshwa CBS unazipata bure kwa antena ya ndani unayoinunua mara moja tu. Hapa Lexington ni chaneli 27. Antena ina faida nyingine: haicheleweshi picha. Ukitazama kwa intaneti, jirani atapiga kelele ya goli wakati kwako mchezaji bado anadunda mpira. Programu ya malipo ichukue Novemba, na siku hiyohiyo andika kwenye simu tarehe ya kuifuta Aprili.

Sheria zinazowachanganya waliozoea NBA ni chache. Wanaume wanacheza vipindi viwili vya dakika 20, wanawake robo nne za dakika 10. Timu ina sekunde 30 kurusha. Faulo ya tano unatoka, wakati NBA ni ya sita. Kwa wanaume, timu ikifikisha faulo saba kwenye kipindi, anayechezewa vibaya anapewa mtupo mmoja, na akiupata ndipo anapewa wa pili. Mechi nyingi za Machi zinaamuliwa pale, kijana wa miaka 19 amesimama peke yake mstarini.

Wachezaji wanahama sana siku hizi, kwa hiyo jifunze majina upya kila Novemba. Tangu Julai 2021 wanaruhusiwa kulipwa kwa kutumia jina na sura zao katika matangazo, ila mwenye viza ya mwanafunzi anabanwa na masharti ya kufanya kazi. Ndiyo maana Oscar, Agosti 2022, alifanya shughuli zake za matangazo timu ilipokwenda Bahamas, nje ya ardhi ya Marekani. Kama mwanao amekuja kwa viza hiyo na ana kipaji, tafuta mwanasheria wa uhamiaji kabla hajasaini chochote, hata fulana ya duka la mtaani.

Tiketi nunua kwenye tovuti ya chuo au kwa muuzaji anayetambuliwa. Mimi nililipa dola 80 kwa mtu niliyekutana naye mtandaoni, nikafika mlangoni Rupp Arena na mwanangu mkononi, mashine ikakataa, na namba ya simu haikupokelewa tena. Ukumbi ule una viti zaidi ya 20,000, na mechi za Novemba dhidi ya timu ndogo bei hushuka. Timu ya wanawake inacheza Memorial Coliseum, ambako unakaa karibu na uwanja kiasi cha kusikia viatu vikilia sakafuni, na kwa familia yenye watoto wanne ningeanzia huko.

Halafu kuna shule za sekondari, ambako watoto wetu wenyewe wanacheza. Kentucky haitengi shule kwa ukubwa: zote zinawania kombe moja. Bingwa wa kila kanda kati ya 16 anakuja Lexington mwezi Machi kwa mashindano yanayoitwa Sweet Sixteen, na shule ya milimani yenye wanafunzi wachache inaweza kukutana na shule kubwa ya Louisville. Fuatilia matokeo ya shule ya mtaa wako kama unavyofuatilia ya chuo. Mtoto wa yule jirani yangu aliingia timu ya shule mwaka jana. Baada ya mechi yake ya kwanza nilimwonyesha mama takwimu kwenye simu: jina la ukoo wao, limeandikwa sawasawa, pointi 4, ribaundi 6, faulo 3. Akataka kujua hiyo 3 ni nini. Nikamweleza. Akasema hiyo atamuuliza mwenyewe akirudi, akapiga picha ya skrini na kuituma Lubumbashi kwa bibi yake.