Mkaratusi upande wapi, na moshi uuweke mbali kiasi gani

Nauza miche hapa Lindi. Kila mvua zinapokaribia kuna mteja anayeniuliza: ni kweli mkaratusi unachafua hewa? Mimi humrudishia swali: unataka kuupanda jirani na moshi gani?

Anza na jani. Lifikiche, ulinuse. La mkaratusi au la mwembe litanukia papo hapo, maana mafuta yake yamo ndani. Ila pua haimalizi kazi. Ipo gesi inaitwa isoprini, ambayo mti hauiweki akiba. Huitengeneza jua likiwaka na kuiachia wakati huohuo, usiku ikakoma. Mikaratusi huitoa kwa wingi, michikichi vilevile. Mimea ya dunia nzima hutoa takriban tani milioni 500 kwa mwaka, na joto likipanda jani huzidisha. Kwa hiyo kagua eneo lako saa saba mchana, jua la Lindi likiwa kali.

Hapo tazama barabara. Pikipiki, malori na jenereta hutoa oksidi za naitrojeni. Zikikutana juani na gesi za miti, hutengeneza ozoni ya huku chini, inayobana kifua na kudumaza maharage. Si ile ya juu angani inayotukinga na jua. Kwenye msitu wa Rondo, mbali na injini, ozoni hiyo haipati nafasi kubwa. Sehemu ya gesi za miti hugeuka chembe ndogo mno, mvuke ukazishika, yakawa matone ya wingu. Hili hunifurahisha kila nikilieleza.

Basi safu ya mikaratusi usiipange stendi wala kijiwe cha bodaboda. Ipeleke shambani unakotaka nguzo, mbali na kisima, kwa kuwa inakunywa maji mengi. Miti iliyokwishakua kijiweni msiikate, kivuli chake kinapoza uwanja. Zimeni injini mnaposubiri abiria.

Na majani ya mikorosho, tafadhali, msichome! Moshi wake una oksidi zilezile pamoja na gesi za mimea, yaani ozoni inapata vyote viwili kwa mpigo. Ukifagia chini ya mkorosho ili korosho zionekane zikidondoka, yabebe ukatandaze kwenye miche michanga. Acha upana wa kiganja kuzunguka shina, lisije likaoza.