Uwanja wa mbio za magari ukitaka kufufuliwa: hatua nilizojifunzia Mbeya

Mimi ni mpangamiji. Mwenye ardhi kubwa akinipigia simu, neno lake la kwanza ni lilelile: "Mtaalamu, njoo utuchoree." Safari ile ilikuwa ekari 40 hivi nje ya Jiji la Mbeya. Zamani watu walishindana hapo kwa pikipiki na magari, baadaye mbio zikalala, nyasi zikaota kwenye kona, vijana wakageuza sehemu ya kuanzia mbio kuwa uwanja wa mpira. Familia yenye ardhi haikuwa na kauli moja. Kaka mkubwa alitaka mbio zirudi, dada yake alitaka viwanja vya makazi, mdogo wao alitaka yadi ya malori ya mpakani Tunduma. Wote waliutaka mchoro wiki ileile.

Sikuchora. Utaratibu ninaoufuata ni huu, pamoja na kosa nililolifanya mimi mwenyewe.

Hatua ya 1: Amua kama mlio wa injini unabaki au unaondoka

Hili ndilo swali linaloamua mengine yote. Ukijibu kwamba magari yataendelea kukimbia, unapanga kwa ajili ya watu wanaoishi nje ya uzio. Ukijibu kwamba mbio zimekwisha, unapanga kwa ajili ya watakaoishi au kufanya kazi ndani, juu ya udongo ulioachwa na mbio. Mchoro unaojaribu kufanya yote mawili kwa pamoja, nyumba huku na injini kule bila kizuizi wala ratiba, unazaa kesi.

Uingereza wameshapita njia hiyo. Mildenhall, katika Suffolk, kulikuwa na uwanja wa mbio tangu miaka ya 1970. Mwaka 2006 watu wakanunua nyumba jirani, wakashtaki kwa sababu ya kelele, na shauri likafika Mahakama ya Juu. Mwaka 2014 majaji walisema mambo mawili ambayo kila mpangamiji angeyaweka ukutani: kuhamia karibu na kelele hakumnyimi mtu haki ya kulalamika, na kibali cha mipangomiji peke yake hakihalalishi kero kwa jirani. Kabla ya hapo, mwaka 2009, uwanja wa Croft ulioko North Yorkshire ulishawekewa ukomo wa siku 40 kwa mwaka za kelele kubwa. Hukumu hizo haziwafungi majaji wetu, ila wakili mzuri hatasita kuzisoma mbele yao.

Hatua ya 2: Pima mlio mwenyewe, na upime saa mbaya

Hapa ndipo nilipoteleza. Tulikodi pikipiki tatu za mashindano, tukazizungusha saa tisa alasiri, mwezi wa Oktoba, upepo ukivuma. Nilivuka bonde na kipima sauti hadi mtaa wa pili, kama kilomita moja na nusu. Karibu sikusikia kitu. Nikaandika kwamba hakuna tatizo, nikatia saini.

Juni iliyofuata waendesha pikipiki wakafanya mazoezi Jumapili saa moja asubuhi. Saa moja na nusu mwenyekiti wa mtaa ule akanipigia simu. Kikaitishwa kikao, na bibi mmoja aliyejifunika blanketi begani akasimama kusema: "Mwanangu, kengele ya shule iliyo jirani yangu siisikii, lakini pikipiki zenu zimo chumbani kwangu."

Bibi alikuwa sahihi, na sababu yake ni rahisi. Mchana ardhi imepata joto, kwa hiyo mlio unapinda kwenda juu na kupotelea angani. Asubuhi ya baridi ya kwetu hewa nzito imelala bondeni na ya juu yake ina joto kidogo, kwa hiyo mlio uliopanda unapindishwa kurudi chini kwa watu. Aliyewahi kulala Mbeya mwezi wa Juni anajua honi ya treni ya TAZARA inavyofika mbali alfajiri.

Kwa makisio ya haraka kabla ya kumlipa mtaalamu, tumia kanuni hii: kila umbali unapozidishwa mara mbili, sauti inayotoka sehemu moja hupungua desibeli 6 hivi mahali pa wazi. Pikipiki yenye desibeli 95 kwa mita 15 itakuwa na 89 kwa mita 30, 83 kwa mita 60, na ukiendelea hivyo utafika karibu 53 ukikaribia kilomita mbili. Zikiwa kumi kwa pamoja ongeza 10, na sikio la kawaida husikia ongezeko hilo kama kelele maradufu. Asubuhi ya baridi hali huwa mbaya kuliko hesabu hiyo. Kwa hiyo pima Juni au Julai, alfajiri, kusiwe na upepo, na upimie kwenye ua wa mtu, usipimie barabarani. Kisha linganisha na kanuni za taifa za kelele na mitetemo za mwaka 2015.

Watu hupenda kuniuliza kama miti itasaidia. Mstari mmoja wa mikaratusi huficha magari yasionekane, basi. Kinachozuia mlio ni tuta la udongo lililo karibu na njia na refu kuliko mstari wa macho kati ya injini na dirisha la jirani. Na kama jirani yuko mlimani juu yako, kama ilivyo sehemu nyingi za Mbeya, tuta nalo linaishiwa nguvu. Hapo zinabaki saa, siku na vizuia mlio vya eksozi.

Hatua ya 3: Ijue ardhi kabla ya kuipenda

Chukua hati, chukua ramani ya upimaji, nenda na mpimaji mkatafute bikoni (alama za mipaka). Soma masharti ya matumizi yaliyoandikwa kwenye hati. Eneo la michezo au maburudani haligeuki makazi kwa sababu mwenye nalo ameamua. Yanahitajika maombi ya kubadilisha matumizi chini ya Sheria ya Mipangomiji ya 2007. Kama eneo bado ni ardhi ya kijiji, habari ni nyingine kabisa: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka ihawilishwe kwanza, yaani ihamishwe kutoka ardhi ya kijiji, na kwa eneo lisilozidi hekta 250 mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoidhinisha au kukataa. Kikao cha wazee watano chini ya mwembe hakihesabiki.

Halafu tembea. Uwanja uliolala miaka kumi huwa umepata watumiaji wengine. Sisi tulikuta mahindi kwenye kona mbili, njia ya wanafunzi iliyokata katikati, na kisima. Mahindi yana msimu, unaweza kusubiri yavunwe. Njia ya wanafunzi iweke kwenye mchoro wako tangu siku ya kwanza, la sivyo watakutobolea uzio.

Hatua ya 4: Chimba palipokuwa na mafundi

Udongo wa njia yenyewe mara nyingi hauna neno. Shida iko pale magari yalipokuwa yakijazwa mafuta na kufunguliwa injini. Oili chafu, dizeli, maji ya betri na mafuta ya breki vyote vilimwagwa hapohapo, kwa sababu ndivyo gereji zetu zilivyofanya kazi. Kama eneo lilitumika kabla ya 2006, kumbuka petroli ya siku zile ilikuwa na risasi, na risasi haiozi.

Chimba mashimo madogo ya nusu mita, halafu ya mita moja. Nusa kila koleo. Udongo wa kwetu wenye majivu ya volkano ni mwepesi na unapitisha maji upesi, kwa hiyo mafuta yanaweza kuwa yameshuka chini kuliko unavyotarajia. Ukinusa kitu, peleka sampuli maabara na upime kile kisima. Matairi chakavu ya kona yahesabu mapema, kwa sababu kuyaondoa kuna gharama, na yakibaki na maji ya mvua unafuga mbu. Karatasi za paa za zamani zenye asbestosi usiwape vijana wazivunje kwa nyundo.

Hatua ya 5: Fuata maji

Kama ningeruhusiwa kubakiza hatua mbili tu, ningebakiza mlio na maji. Lami ni paa lililolala chini. Chukua njia fupi ya kilomita 1.2 yenye upana wa mita 8. Hizo ni mita za mraba 9,600. Ikinyesha mvua ya milimita 30 kwa saa, jambo ambalo Machi hakuna anayelishangaa, na tisa ya kumi ya maji yake yakatiririka, unapata lita 259,000 hivi. Ni maboza 26 ya lita elfu kumi yaliyofunguliwa kwa pamoja mlimani, na chini yake kuna nyumba za watu. Njia ya kimataifa ni kubwa zaidi: FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, inataka viwanja vipya viwe na upana wa angalau mita 12, na urefu wake ni wa kilomita kadhaa.

Kwa hiyo chora mitaro kabla ya kona. Tafuta korongo ambalo maji yamelizoea, uliza wazee maji yalipita wapi mwaka wa mvua kubwa, weka bwawa la kuyapunguza kasi, na kabla ya bwawa weka karo la kutenganisha mafuta. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kingo za mto, na hizo zitoe kwenye hesabu ya ekari mapema ili mnunuzi asije kukudai. Ukihitaji kibali cha maji, jua uko bonde gani: Bonde la Ziwa Rukwa wana ofisi Mbeya, Bonde la Rufiji wako Iringa, na Bonde la Ziwa Nyasa wako Tukuyu. Kuna viwanja ambavyo upande mmoja wa kilima unamwaga bonde hili na upande wa pili bonde lile.

Hatua ya 6: Barabara

Mbio zinaleta foleni siku chache kwa mwaka, nyumba zinaleta kidogo kila asubuhi, yadi ya malori inaleta usiku na mchana. Mradi ukipakana na barabara kuu, ongea na TANROADS mapema kuhusu mahali pa kuingilia, na usipange kitu ndani ya mita 30 za hifadhi kutoka katikati ya barabara. Kumbuka pia wasiokuja na gari: bodaboda mia mbili zisipopangiwa pa kusimama, zitasimama langoni, na gari la wagonjwa litakosa pa kupita.

Hatua ya 7: Sasa chora, lakini tazama wenzako kwanza

Oran Park, nje ya Sydney, ilifungwa 2010 na kuwa mji wa makazi, na barabara mojawapo ina jina la dereva Peter Brock. Riverside ya California iliondoka 1989 kupisha maduka. Brooklands, uliofunguliwa Uingereza 1907, uligeuka eneo la viwanda vya ndege, leo kuna makumbusho na ofisi, na vipande vya ukuta wake ulioinama bado vipo. Kwa mtazamo wangu Brooklands ndiyo ya kuigwa. Kubakiza kipande kimoja kilichonyooka hakugharimu sana: kinakuwa barabara ya mtaa, au sehemu ya kufundishia madereva.

Kwa wanaotaka mbio zirudi kuna Kyalami ya Afrika Kusini. Iliuzwa kwa mnada 2014, ikakarabatiwa, ikafunguliwa tena 2016. Nayo iko nyanda za juu kama sisi, ambako hewa nyepesi inainyima pumzi injini isiyo na tabo (turbo). Ila usijilinganishe na fedha zao. Kwetu, ambako rali hukimbia barabara za vumbi za Iringa, njia ya udongo yenye mitaro mizuri itatumika zaidi kuliko lami isiyolipa. AAT, chama cha magari cha Tanzania, ndio wanachama wa FIA hapa nchini, waite waje watazame maeneo ya kutokea gari likikosa kona kabla hujamwaga hata kokoto.

Hatua ya 8: Vibali

Hapa sitakaa sana. Anza na mazungumzo ya awali na afisa mipangomiji wa halmashauri, mpelekee mchoro wa penseli tu. Sajili mradi kwa chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira (wengi tunakijua kama NEMC) ujue umeangukia kundi gani, kwa sababu tathmini ya athari kwa mazingira ina muda wake. Kubadilisha matumizi na michoro ya mipangomiji hutangulia kibali cha ujenzi. Zimamoto wapelekee michoro wakati bado unaweza kuibadilisha. Kikao cha mtaa kifanye kabla ya kuomba kibali chochote, na muhtasari wake wenye mahudhurio uhifadhi vizuri kama unavyohifadhi hati.

Hatua ya 9: Rudi ukapime tena

Familia ile mwishoni haikupata yote. Viwanja vya makazi viliwekwa nyuma ya kilima, kwenye upande usiotazama njia. Sehemu iliyonyooka ikawa ya mafunzo ya udereva. Pikipiki zilibaki na siku chache za Jumamosi, kuanzia saa nne asubuhi, zenye vizuia mlio. Yadi ya malori ilikataliwa na korongo lenyewe.

Juni iliyopita nilikwenda kwa yule bibi saa mbili asubuhi, siku ya mazoezi, nikasimama uani kwake na kipima sauti hadi pikipiki zikawashwa. Shikamoo, marahaba, akaniletea kigoda. Saa nne na dakika kumi nikamuonyesha namba kwenye kioo. Hakuitazama. Aliinamisha kichwa kidogo, akasikiliza, akasema, "Leo nimeisikia kengele."