Kutunga maswali yanayounganisha darasa na wodi: mwongozo kwa walimu wa tiba

Mwongozo huu ni wa wewe unayefundisha wanafunzi wa udaktari au utabibu, na umeambiwa Ijumaa mchana kwamba Jumatatu maswali yawe mezani. Nafundisha hapa Tabora, darasani na wodini. Kinachonikera ni pepa zinazotenganisha vitu ambavyo mwilini havijatengana: famakolojia (elimu ya dawa) siku yake, magonjwa ya ndani siku yake. Mwanafunzi anapata A kwenye famakolojia, halafu anasimama kando ya kitanda hajui kama dawa ya atropini imefanya kazi yake au bado.

Hatua ya 1: Chora jedwali la utahini kwanza

Upande wa kushoto wa karatasi andika matatizo yanayowaleta watu hospitali, si majina ya magonjwa: mtoto mwenye homa, kuhara, kuishiwa damu, degedege, mjamzito mwenye presha, kuumwa na nyoka, sumu, ajali ya bodaboda. Juu andika masomo: anatomia, fiziolojia, biokemia, mikrobiolojia, patholojia, famakolojia, kisha utambuzi na matibabu. Kila kisanduku unachojaza ni swali. Vingine vitabaki wazi, viache.

Uzito uende kwenye mambo yanayoonekana sana au yanayoua haraka. Huku kwetu malaria kali haiwezi kupata swali moja huku ugonjwa adimu wa kurithi ukipewa manne kwa sababu tu mwalimu wa biokemia anaupenda. (Kila chuo kina mwalimu huyo.)

Hatua ya 2: Anza na mgonjwa, kisha uliza kwa nini

Ukianza na ukweli wa kitabuni utaishia kuuliza "Atropini huzuia vipokezi vipi?" na aliyekariri usiku wa kuamkia mtihani atapata. Anza na mgonjwa. Mtoto ana kipindupindu na anaharisha maji matupu, lakini ORS anayokunywa inamsaidia. Kwa nini? Kwa sababu sumu ya bakteria imelazimisha kloridi na maji kumwagika kwenye utumbo, ila njia inayoingiza sodiamu pamoja na glukosi haijaguswa. Swali moja, na umeshapita mikrobiolojia, fiziolojia na matibabu bila kuyataja kwa majina.

Hatua ya 3: Andika shina

Shina ni maelezo ya mgonjwa yanayotangulia swali. Mpangilio wangu haubadiliki: umri na jinsia, anakotoka au kazi yake, shida na muda wake, ulichokuta ulipompima, kilichokwisha kufanyika. Sentensi fupi. Mitihani yetu ni kwa Kiingereza, kwa hiyo shina lenye maneno ya madoido linapima Kiingereza. Huu ni mfano kamili, nimeuweka kwa Kiswahili:

*Mkulima wa tumbaku wa Urambo, mwanaume wa miaka 34, ameletwa baada ya kupulizia dawa ya wadudu ya oganofosfeti asubuhi nzima bila glovu. Anatokwa na mate na jasho jingi, anatapika, mboni zimesinyaa, mapigo ya moyo ni 48 kwa dakika, kifua kimejaa majimaji, na misuli ya mapaja inacheza yenyewe. Amepewa atropini kwa kurudia hadi kifua kimekuwa safi na mapigo yamefika 96. Hata hivyo hawezi kuinua kichwa kwenye mto, na anapumua kwa juujuu. Ni ipi sababu kuu ya udhaifu huu kuendelea?*

*A. Dozi ya atropini haijatosha kwenye vipokezi vya muskarini.*
*B. Atropini haifanyi kazi kwenye vipokezi vya nikotini vya misuli.*
*C. Atropini haivuki kutoka kwenye damu kuingia kwenye ubongo.*
*D. Atropini imezuia neva zisitoe asetilikolini kwenye misuli.*

Jibu ni B. Dawa ya wadudu imefunga kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali ambayo neva hutumia kupeleka ujumbe, kwa hiyo asetilikolini imejaa kila mahali. Atropini inaziba vipokezi vya muskarini peke yake: mate yanakauka, kifua kinafunguka, moyo unaamka. Kwenye misuli ya kupumulia vipokezi ni vya nikotini, na huko atropini haina la kufanya. Mwanafunzi anayelijua hili atamwangalia mgonjwa anavyopumua badala ya kushangilia kifua kisafi.

Hatua ya 4: Vipotoshi viwe na kazi

Hapa ndipo maswali mengi yanapoharibika, kwa hiyo tulia. Kila kipotoshi, yaani jibu lisilo sahihi, kimnase mtu fulani. A inamnasa asiyesoma dalili, kwa sababu kifua safi na mapigo 96 vimeshamwambia dozi ya atropini imefika. C inamnasa aliyechanganya atropini na glaikopiroleti, ambayo kweli haivuki kirahisi kwenda kwenye ubongo. D inamnasa aliyeleta habari za sumu ya botulini, inayozuia neva zisitoe asetilikolini, mahali pasipo pake. Ukisahihisha, hesabu ya waliochagua kila herufi inakuambia Jumatatu ijayo ufundishe nini.

Sasa angalia urefu. Jibu sahihi likiwa refu kuliko mengine, mwanafunzi mjanja atalichagua hata kama hajawahi kuingia wodini. Achana na "yote hapo juu". Achana pia na "lipi kati ya haya SI kweli", maana hapo unapima macho. Ukikosa chaguo la nne lenye akili, acha matatu. Mtafiti Michael Rodriguez alichambua tafiti za miaka mingi akaonyesha mwaka 2005 kwamba chaguo tatu zinatosha kwa maswali mengi. La nne la kuchekesha ni wino umepotea.

Hatua ya 5: Funika majibu

Weka kiganja juu ya A hadi D, soma shina na swali peke yake. Je, unaweza kulijibu? Kama huwezi, swali halijakamilika, rudi hatua ya 3. Kisha soma majibu bila shina. Ukiweza kubahatisha bila kumsoma mkulima wetu, mgonjwa ni pambo tu, na umerudi kwenye kukariri.

Hatua ya 6: Weka alama ya kufaulu kabla ya mtihani

Njia ya mtaalamu wa upimaji William Angoff ya mwaka 1971 haihitaji kompyuta. Kusanya walimu watatu au wanne, wa darasani na wa wodini. Kila mmoja amfikirie mwanafunzi wa mpakani, yule anayeponea chupuchupu kila muhula, kisha aseme: kati ya kumi wa aina hii, wangapi watapata swali hili? Chukua wastani kwa kila swali, gawa kwa kumi, jumlisha, hiyo ndiyo alama. Mtabishana. Mwalimu wa famakolojia atasema wanane, daktari wa wodini atasema watatu, na mara nyingi daktari ndiye yuko karibu na ukweli.

Hatua ya 7: Baada ya kusahihisha, lisahihishe swali nalo

Tuseme darasa lina watu 40. Panga alama, chukua 11 wa juu na 11 wa chini, yaani kama asilimia 27 kila upande. Swali la mkulima limepatwa na 9 wa juu na 4 wa chini: 9 toa 4, gawa kwa 11, unapata 0.45. Linatenganisha vizuri wanaojua na wasiojua. Chini ya 0.2 nalitazama upya. Likitoka hasi, maana yake wa chini wamewashinda wa juu. Kabla hujalaumu mtu, angalia ufunguo wako wa majibu.

Karatasi haitakuonyesha kama mikono ya mwanafunzi inaweza kumlaza mgonjwa huyo na kusafisha njia ya hewa. Hilo lipime kwa vituo vya vitendo, OSCE, utaratibu ambao Ronald Harden wa Dundee, Uskoti, na wenzake waliutangaza mwaka 1975.

Hatua ya 8: Tunza swali, badilisha pembe

Swali lililotoka asubuhi, jioni liko kwenye grupu la WhatsApp la mwaka unaofuata. Usilitupe. Mwache mkulima wako vilevile, ubadilishe unachouliza. Mwaka mmoja uliza kwa nini misuli ilicheza kabla ya kulegea. Mwaka mwingine uliza kwa nini pralidoksimu, dawa inayong'oa sumu kwenye kimeng'enya, ikichelewa inasaidia kidogo. Jibu ni kwamba kifungo kati ya sumu na kimeng'enya kadiri muda unavyopita hukomaa, na dawa haiwezi tena kukivunja. Aliyekariri "B" atajiandikia B yake, na wewe utaiona kwenye hesabu ya hatua ya 7.