Chokoleti ya Matabaka Manne Yenye Wanga Kidogo

Huko Marekani, hasa majimbo ya kusini, kila familia inapoleta chungu chake kwenye chakula cha pamoja kanisani, kuna trei moja ambayo wazee na watoto huitazama mapema. Chini ni kitako cha unga, siagi na pikani (kokwa zinazofanana na jozi), juu yake jibini laini iliyochanganywa na krimu, halafu pudini ya chokoleti, na mwisho krimu nyeupe. Ina majina mengi, moja likiwa la mwigizaji Robert Redford. Mapishi ya zamani hutumia pudini ya boksi na Cool Whip, krimu ya kugandishwa iliyoingia sokoni mwaka 1966.

Kuondoa sukari humo ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kuziba pengo la wanga, kwa sababu unga ndio unaoshikilia kitako na stachi ndiyo inayoifanya pudini isimame. Ukibadilisha sukari peke yake utabaki na unga na stachi vilevile. Ukiviondoa bila kuweka kitu cha kushika, utapata mchuzi wa chokoleti.

Vipimo vya hapa ni vya trei ya mraba ya sentimita 20 kwa 20, yenye kina cha sentimita 5 au zaidi. Inatoa vipande 9.

Sukari mbadala kwanza

Erithritoli ndiyo inayopatikana kwa wingi. Utamu wake ni kama asilimia 70 ya sukari, na haipandishi sukari ya damu kwa kiasi cha kuhesabika. Tatizo lake ni baridi: ikikaa friji hurudi kuwa chembechembe, na pudini ikawa kama ina mchanga. Isage iwe poda laini kabla ya kupima. Ukipata alulosi, itumie kwenye pudini, maana haigandi chembe. Iepuke maltitoli, ambayo hujaa kwenye chokoleti zilizoandikwa "bila sukari". Hiyo hupandisha sukari ya damu, na ikizidi huvuruga tumbo. Kama kuna mbwa nyumbani, usitumie zailitoli kabisa, kwani kwake ni sumu.

Kitako

Changanya gramu 150 za unga wa lozi, gramu 50 za pikani au jozi zilizokatwakatwa, vijiko vikubwa 2 vya erithritoli, chumvi kidogo na gramu 60 za siagi iliyoyeyushwa. Bonyeza mchanganyiko kwenye trei iliyotandikwa karatasi ya kuokea, kwa kutumia kitako cha glasi ili unene uwe sawa. Oka kwa nyuzi 175 za Selsiasi, dakika 12 hadi 15, mpaka kingo zianze kuwa za dhahabu. Usiiache oveni peke yake dakika za mwisho: lozi huungua ghafla, na uchungu wake haufichiki. Kikitoka moto kitakuwa laini na utadhani hakijaiva. Huwa kigumu kinapopoa.

Afrika Mashariki unga wa lozi ni ghali, na wengi hukimbilia korosho. Hapo hesabu inaharibika: gramu 100 za korosho zina takriban gramu 27 za wanga ukishatoa nyuzinyuzi, ilhali karanga zina 7 au 8 tu. Kwa hiyo tumia karanga. Zikaange kavu, toa maganda, zipoe kabisa, kisha zisage kwa mikupuo mifupi pamoja na ile erithritoli. Ukisaga mfululizo utapata siagi ya karanga. Unga wa muhogo usikudanganye kwa sababu hauna gluteni. Karibu wote ni wanga.

Tabaka jeupe

Toa gramu 225 za jibini laini ya kupaka, yenye mafuta kamili, saa moja kabla. Ikipigwa ikiwa baridi huacha madonge ambayo hayatoki tena. Ipige na gramu 50 za poda ya erithritoli mpaka iwe nyororo. Pembeni piga mililita 120 za krimu, kisha ichanganye polepole kwa mwiko. Tandaza juu ya kitako kilichopoa kabisa, na uweke trei friji.

Krimu iwe na mafuta asilimia 35 hivi. Ile ya kupikia yenye asilimia 20 haitasimama hata uipige jioni nzima. Na krimu za mimea ambazo waokaji keki wengi hutumia, mara nyingi huja na sukari tayari, soma pakiti. Penye joto la pwani, weka bakuli na mapigio kwenye friza dakika 15 kabla ya kuanza.

Pudini

Loweka vijiko vya chai 1½ vya gelatini ya unga kwenye vijiko vikubwa 2 vya maji baridi. Kwenye sufuria, changanya vikavu kwanza: gramu 35 za kakao isiyo na sukari, gramu 80 za alulosi au poda ya erithritoli, robo ya kijiko cha chai cha gamu ya zanthani (unga wa kufanya majimaji yawe mazito) na chumvi kidogo. Zanthani ikiangukia majimaji peke yake hushikana madonge papo hapo, ndiyo maana inatangulia kwenye vikavu. Mimina kidogokidogo mililita 300 za krimu na 180 za maziwa ya lozi yasiyo na sukari, au maji, ukikoroga kwa mchapo. Tia viini 4 vya mayai.

Pika kwa moto mdogo bila kuacha kukoroga, mpaka ifike nyuzi 80 au ishike mgongo wa kijiko. Isichemke. Pudini ya kawaida huvumilia kuchemka kwa sababu stachi hulinda mayai. Hapa hakuna stachi, na kuanzia kama nyuzi 83 viini huanza kukatika. Ikianza kukatika, epua haraka, isage kwa blenda, ichuje. Ikiwa tayari epua, tia gelatini, gramu 60 za chokoleti ya asilimia 85 na kijiko cha chai cha vanila.

Funika kwa plastiki inayogusa uso wa pudini ili isifanye ngozi. Isubiri ifike joto la vuguvugu hafifu, nyuzi 25 hivi, bado ikimiminika, ndipo uimwage juu ya tabaka jeupe. Kosa la kawaida ni haraka: pudini ya moto huyeyusha jibini na matabaka mawili huwa moja la kijivu.

Asiyetaka gelatini ya nguruwe atafute yenye alama ya halali, au atumie nusu ya kijiko cha chai cha agaagari ya unga, inayouzwa pia kama chaina grasi. Hiyo lazima ichemke dakika 2 ndani ya yale maziwa ya lozi kabla ya kukutana na krimu na mayai. Huganda mapema, karibu nyuzi 40, kwa hiyo iache igande yote, isage kwa blenda, halafu itandaze.

Juu

Baada ya saa 4 za friji, piga mililita 200 za krimu pamoja na kijiko kikubwa cha jibini laini. Jibini huizuia krimu isitoe maji kesho yake. Ongeza kijiko kikubwa cha poda ya erithritoli, tandaza, kisha kwaruza chokoleti nyeusi kidogo juu.

Iache ilale friji. Kata kwa kisu kilichochovywa maji ya moto na kufutwa kila mkato. Kipande kimoja kina takriban gramu 8 za wanga bila kuhesabu nyuzinyuzi na erithritoli, na anayetumia insulini azihesabu. Friji huitunza siku 4. Friza haifai, kwani ikiyeyuka tabaka jeupe hutoa maji na kitako hulowa.