Kununua chungu cha Wakisi, na swali la kumuuliza mfinyanzi

Jumamosi wahi soko la Lyulilo, karibu na Matema, Ziwa Nyasa. Vyungu vya Wakisi, kabila la mwambao wa ziwa hilo, hufika hapo kwa mitumbwi kutoka kijiji cha Ikombe.

Usianze na bei. Gonga chungu kwa kifundo cha kidole: kikilia kama kengele, kimeiva, sauti ikiwa butu, tafuta ufa. Ingiza mkono, papasa ukuta kuanzia kitako hadi mdomoni. Unene ukilingana kote, umempata fundi.

Sasa msalimie vizuri, umuulize: "Mama, nani alikufundisha kufinyanga?" Mimi siondoki bila kuuliza hili. Atakutajia mama yake, bibi au shangazi, na ukimpa nafasi atakuonyesha alichorithi: jinsi ya kulainisha mdomo kwa vidole vilivyolowa, mahali pa kuanzia mistari myekundu juu ya rangi ya maziwa. Kisha tazama kazi ya jirani yake mwenye mwalimu mwingine. Mkono ni tofauti kabisa, na hapo ndipo utajua unachokipenda.

Nyumbani kiloweke usiku kucha, uchemshie uji mwepesi kwa moto mdogo, ndipo upike maharage.