Kusoma mafaili ya GPX kwa Python: kukokotoa umbali, mwinuko na muda kwa maktaba ya gpxpy

Simu au saa ya mkononi inaporekodi safari, kinachobaki baada ya safari ni orodha ndefu ya nukta, na mara nyingi orodha hiyo huhifadhiwa katika faili la GPX. Kulisoma faili hilo kwa Python ni kazi ya mistari michache, kwa sababu maktaba ya gpxpy imekwisha kuifanya sehemu ngumu. Ugumu huja baadaye, pale tarakimu zinapotoka zikiwa safi na zenye kuaminika kwa macho, ilhali zimebeba ndani yake makosa ya setilaiti, ya saa na ya vizingiti ambavyo hukuvichagua wewe. Kwa hiyo mwongozo huu utapita haraka kwenye kusoma faili, na utakawia kwenye hesabu.

GPX ni maandishi ya kawaida yaliyopangwa kwa XML, yaani kwa alama za kufungua na kufunga kila kipengele. Kampuni ya TopoGrafix ya Marekani ilitoa toleo 1.0 mwaka 2002, na toleo 1.1, ambalo ndilo linalotumika hadi leo, likafuata mwaka 2004. Ukilifungua faili kwa kihariri chochote cha maandishi utakuta nukta za namna hii:

```
<trkpt lat="-3.0758" lon="37.3533">
  <ele>5895</ele>
  <time>2024-02-11T03:40:00Z</time>
</trkpt>
```

Hii ni nukta niliyoiandika kwa mkono kuwa mfano, na mahali inapoonyesha ni kilele cha Uhuru, Kilimanjaro. Alama ya kutoa kwenye latitudo inamaanisha kusini mwa ikweta. Ikidondoka wakati wa kunakili, mpandaji wako atajikuta kaskazini, ndani ya Kenya. Latitudo na longitudo ni za lazima katika kila nukta, lakini mwinuko na wakati si za lazima, na programu nyingi huanguka kwa sababu mwandishi wake alidhani zitakuwepo daima.

Kabla ya kuandika lolote, ni vyema kutofautisha vitu vitatu ambavyo faili moja linaweza kuvibeba. `wpt` ni alama ya mahali pamoja, kama kisima au geti. `rte` ni njia iliyopangwa, ambayo huenda hakuna mtu aliyewahi kuipita. `trk` ni nyayo, yaani mahali kifaa kilipopita kweli, na nyayo hizo hugawanywa katika vipande viitwavyo `trkseg`, ambavyo ndani yake ndimo zilimo nukta.

Usakinishaji ni amri moja:

```
pip install gpxpy
```

Na usomaji ni huu:

```
import gpxpy

with open("safari.gpx", encoding="utf-8") as faili:
    gpx = gpxpy.parse(faili)

for nyayo in gpx.tracks:
    for kipande in nyayo.segments:
        for nukta in kipande.points:
            print(nukta.latitude, nukta.longitude,
                  nukta.elevation, nukta.time)
```

Pale ambapo faili halina mwinuko au wakati, `nukta.elevation` na `nukta.time` hurudisha `None`, hivyo pima kwanza ndipo ukokotoe. Ikiwa simu ilizimika katikati ya kurekodi, faili huweza kuishia njiani bila alama za kufunga, na gpxpy itakataa kulisoma kwa kosa la `GPXXMLSyntaxException`. Faili la namna hiyo mara nyingi halijapotea: nakili kwanza, ufute nukta ya mwisho iliyokatika, kisha uongeze `</trkseg></trk></gpx>` mwishoni. Jambo jingine ni kwamba gpxpy haisomi FIT, muundo unaotumiwa na saa nyingi za michezo, wala KML, muundo wa ramani za Google Earth. Mafaili hayo hubadilishwa kuwa GPX kwanza.

Umbali hupatikana kwa `gpx.length_2d()`, na jibu huja kwa mita. Hesabu hiyo hujumlisha nyayo peke yake, kwa hiyo faili lenye njia iliyopangwa tu litakupa sifuri, na aliyeanza juzi atadhani maktaba ni mbovu. Katika hali hiyo pitia `gpx.routes` na utumie `length()` ya kila njia. Vilevile pengo lililopo kati ya kipande kimoja na kinachofuata halihesabiwi. Ukizima kurekodi Moshi mjini na kuwasha tena Marangu, barabara iliyopo katikati haimo katika jumla, na kwa maoni yangu hivyo ndivyo inavyopasa kuwa, kwani maktaba haijui ulipitia wapi.

Wapo wanaoona fahari kuandika hesabu ya umbali wenyewe kwa kuzidisha tofauti ya digrii kwa kilomita 111. Huku kwetu karibu na ikweta kosa hilo hujificha vizuri, kwa sababu digrii moja ya longitudo Nairobi au Dar es Salaam inakaribia sana kuwa sawa na ya latitudo. Programu hiyohiyo ikipelekwa kwenye latitudo ya digrii 60, kama ilivyo Helsinki, digrii ya longitudo imebaki takriban nusu, na umbali wa mashariki-magharibi utakuwa mara mbili ya ukweli. gpxpy huzingatia upungufu huo kwa nukta zilizo jirani, na nukta zinapoachana kwa zaidi ya digrii 0.2 hutumia kanuni ya haversine inayofuata mviringo wa dunia.

Kinachosumbua zaidi ni kutetereka kwa nukta. Kifaa kilichowekwa mezani huendelea kuandika nukta zinazozunguka mahali palepale kwa mita chache, na kwa kuwa jumla ya umbali haina namna ya kutoa, kila mtetereko huongeza. Kifaa kinachoandika nukta moja kila sekunde hutoa nukta 3,600 kwa saa. Mapumziko marefu ya chakula yanaweza kukuongezea mwendo ambao miguu yako haikuufanya.

Mwinuko ni mbaya zaidi, kwa kuwa GPS hukisia wima kwa usahihi mdogo kuliko mlalo. Ukijumlisha kila kupanda kudogo, barabara tambarare itageuka kuwa mlima. Njia ya `gpx.get_uphill_downhill()` hupunguza tatizo kwa kulainisha: kila mwinuko huchukua asilimia 40 ya thamani yake, asilimia 30 ya nukta iliyotangulia na asilimia 30 ya inayofuata. Hilo husaidia, lakini nukta tatu ni chache kwa data iliyoandikwa kila sekunde, kwa hiyo jibu lichukuliwe kuwa makadirio ya juu. Njia rahisi ya kulipima ni safari iliyoanza na kuishia mahali pamoja: jumla ya kupanda na jumla ya kushuka zikitofautiana sana, usiamini yoyote kati ya hizo mbili.

Tuje kwenye muda. Amri ifuatayo hutenganisha muda wa kutembea na muda wa kusimama:

```
mwendo = gpx.get_moving_data(stopped_speed_threshold=0.3)
print(mwendo.moving_time / 3600)
print(mwendo.stopped_time / 3600)
print(mwendo.max_speed * 3.6)
```

Muda hutoka kwa sekunde na kasi kwa mita kwa sekunde, ndiyo maana nimegawanya na kuzidisha. Usipotaja kizingiti, gpxpy hutumia kilomita 1 kwa saa: mwendo wa chini ya hapo huhesabiwa kuwa ni kusimama. Kwa baiskeli hakuna shida. Sasa chukua usiku wa mwisho wa kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, kutoka kibanda cha Kibo kwenye mita 4,720 hadi Uhuru kwenye mita 5,895. Umbali ni takriban kilomita 6, na wapandaji wengi hutumia saa 6 hadi 8, hivyo wastani wao ni kilomita 1 kwa saa au chini yake. Kwa kizingiti cha awali, sehemu kubwa ya usiku ule wa pole pole, ambao ndio mgumu kuliko yote, itaandikwa kuwa mapumziko. Ukikishusha mno nako, mitetereko ya kifaa kilichosimama huhesabiwa kuwa mwendo. Hakuna namba moja inayofaa safari zote; jaribu mbili tatu na ulinganishe na mapumziko unayoyakumbuka.

Safari hiyohiyo huonyesha mtego wa tarehe. GPX huandika wakati kwa UTC, yaani saa ya rejea ya dunia nzima, na saa za Afrika Mashariki ziko mbele yake kwa saa tatu. Aliyeondoka Kibo saa sita na robo usiku wa kuamkia tarehe 11 ataandikwa kwenye faili kuwa ameondoka tarehe 10, saa 21:15, na ripoti inayopanga safari kwa tarehe itamkatia safari yake vipande viwili. Badilisha kabla ya kupanga:

```
from zoneinfo import ZoneInfo
hapa = nukta.time.astimezone(ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam"))
```

Moduli ya `zoneinfo` inapatikana kuanzia Python 3.9, na kwenye Windows huhitaji kuongezewa kifurushi cha `tzdata`. Ukitaka kuonyesha saa kama tunavyozisoma kwa Kiswahili, toa sita kutoka saa za hapa kwa mzunguko wa saa kumi na mbili, sifuri ikisomwa kumi na mbili. Nukta ya mfano wa juu, 03:40 kwa UTC, ni 06:40 kwa saa za hapa, yaani saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi.

Kupunguza nukta kwa ajili ya kuchora ramani hufanywa na `gpx.simplify(max_distance=5)`, inayofuata kanuni ya Ramer-Douglas-Peucker na kuacha zile tu zinazohitajika ili mstari usipotoke kwa zaidi ya mita 5 hivi. Ifanye baada ya vipimo vyote, kamwe si kabla, kwani hubadilisha kitu kilekile kilichosomwa na huondoka na nukta za mapumziko pamoja na nyakati zake.

Mwisho, faili linalokusudiwa kugawiwa wengine huonyesha nyumba ya mwenye nalo kwa usahihi wa mita chache. Dawa ya kawaida ni kufuta nukta zote zilizo ndani ya mita 500 kutoka nyumbani, lakini kitovu cha duara kikiwa nyumba yenyewe, mafaili machache yaliyokatwa kwenye duara lilelile yanatosha kumwezesha mtu kukipata. Chagua kitovu kingine kilicho jirani, kwa mfano njia panda, mradi nyumba ibaki ndani:

```
from gpxpy.geo import Location
kitovu = Location(-3.3450, 37.3400)

for nyayo in gpx.tracks:
    for kipande in nyayo.segments:
        kipande.points = [n for n in kipande.points
                          if n.distance_2d(kitovu) > 500]

gpx.waypoints = []
gpx.author_name = None
gpx.author_email = None

with open("ya_kugawa.gpx", "w", encoding="utf-8") as faili:
    faili.write(gpx.to_xml())
```

Ile mistari mitatu ya `waypoints` na `author` isiachwe kwa kuonekana midogo. Kukata nyayo hakugusi alama, na si ajabu ndani ya faili kukuta alama moja, yenye latitudo na longitudo kamili, iliyopewa jina la «Nyumbani».